Mvua Iliyonyesha Ng'ambo

Harufu ya matope ya mikokoni haipandi huku juu ovyo. Huja pale tu upepo wa baharini unapokatika na mwingine, mzito na wenye unyevu, unapoanza kutambaa kutoka upande wa mto Ruvuma. Ni harufu ya chumvi, ya majani yaliyooza na ya kaa waliokufa, na kwa mtu aliyekulia kwetu ina maana moja tu: anua ulichoanika.

Siku tuliyomzika mama, mwishoni mwa mwaka jana, harufu hiyo ilituingilia uani kabla mwili haujatolewa ndani. Sisi wanawake tulikuwa tumekaa mikekani. Niliona pua zinavyonusa. Anga la upande wa mto lilikuwa jeusi kama kitako cha sufuria. Wanaume waliosimama nje walitazama juu, wakatazama mlango, kisha juu tena. Ardhi yetu ni ya mchanga. Kaburi likinyeshewa kabla halijafukiwa, kingo zake hubomoka, na aliyewahi kuona jambo hilo hataki kuliona mara ya pili.

Mvua haikutunyeshea. Mawingu yalisimama kule kule, yakanguruma, yakasubiri, mpaka wanaume wakarudi kutoka makaburini na kunawa mikono. Ndipo mtani wetu, mama mmoja wa Kimakua aliyekuwa amejifunga kanga ya marehemu tangu asubuhi na kukaa mlangoni akidai sukari yake ndipo jeneza lipite, aliposema kwa sauti: "Mnaona wenyewe. Huyu hata leo kaifunga mvua. Alikuwa hapendi kulowa."

Watu wakacheka, na ilikuwa haki yao kucheka, maana kazi ya mtani msibani ni hiyo. Hata shangazi zangu walicheka huku wanafuta machozi. Mimi sikucheka. Sikuwa nimemchukia mtani. Nilikuwa na sababu yangu, na ili mnielewe, lazima kwanza niwarudishe kwenye mwaka wa chumvi.

Mama alizaliwa ng'ambo, yaani Msumbiji. Alivushwa mto akiwa mgongoni mwa mama yake wakati wa vita, wakapandia Kilambo, ukingo wa huku, wakatembea mpaka kijiji chetu na kupewa mahali pa kujenga. Alikulia hapo, akaolewa hapo, akanizaa hapo, akamzika baba yangu hapo kabla sijaanza shule. Hata hivyo watu walipotaka kumtaja bila kumtaja walisema "yule wa ng'ambo," kana kwamba bado maji ya mto yanamchuruzika miguuni.

Shamba la baba lilikuwa dogo na limechoka. Kwa hiyo kila kiangazi mama alikwenda kutafuta chumvi. Nyuma ya mikoko kuna uwanda mtupu usioota hata jani, ambao sisi tunauita jangwa. Maji makubwa ya bahari hufika pale mara chache, na yakiondoka, jua huacha ganda jeupe juu ya udongo. Mama alikuwa analikwangua ganda lile kwa kipande cha bati, analikusanya rundo, analifunika kwa makuti. Rundo lilikua siku hadi siku mpaka likawa refu kuliko mimi. Kiangazi kikikaribia kwisha ndipo alipoanza kulichuja kwa maji, kidogo kidogo, na kuyachemsha maji yale kwenye pipa lililokatwa katikati, juu ya moto wa magogo ya mkorosho.

Nilipenda kazi ile. Nilipenda moshi wake na namna chumvi ilivyojitokeza chini ya pipa bila mtu kuona imetoka wapi. Mama alipima ukali wa maji kwa ncha ya kidole na ulimi. Akifumba jicho moja, maji yalikuwa tayari. Akifumba yote mawili, aliongeza maji mengine. Mimi nami nilikuwa naonja na kufumba macho yote, hata maji yakiwa ya kisima, ili nionekane fundi.

Alikuwa na msemo wake kuhusu chumvi. "Chumvi haina mdomo," alisema, "lakini mvua inaiambia hiyo kwanza." Alimaanisha kwamba mvua ikikaribia, chumvi ya jikoni hulowa yenyewe. Inatoa jasho. Siku chumvi yetu ilipotoa jasho, hatukwenda mahali kabla ya kuongeza makuti juu ya rundo, kwa sababu mvua moja tu ingetosha kuurudisha baharini ukali wote ulio ndani ya udongo ule, na kiangazi kizima kingekuwa bure.

Sasa, mwaka ninaousema, mvua ilitudanganya. Ilinyesha mapema, mvua nzuri ya kuloanisha, watu wakakimbilia mashambani na mbegu zao. Mahindi yakatoka, mpunga wa bondeni ukatoka, kijani kikapendeza macho. Kisha jua likarudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Miche ikajikunja, ikawa kahawia. Wenye mbegu nyingine wakapanda tena, na jua likaifuata na hiyo.

Laiti lingekuwa jua tupu, nadhani watu wangevumilia. Jua tupu unalijua. Lakini anga la mwaka ule halikutulia hata siku moja. Asubuhi kulikuwa na baridi ya ajabu na ukungu uliotufanya tujifunike kanga mbili mbili. Mchana joto la kukatisha pumzi. Alasiri mawingu yakapanda, upepo ukazunguka na kurusha vumbi, kuku wakaingia ndani, wanawake wakapanga ndoo chini ya michirizi ya paa. Matone machache yakaanguka, makubwa, yakatoboa vumbi. Halafu kimya. Mama mmoja jirani alizoea kuchungulia ndoo yake na kusema, "Leo imejaa buibui." Mzee Nanguo, mwenye shamba kubwa kuliko wote bondeni, ilisemekana alilala na jembe kitandani, na mke wake akalala chini.

Na kila alasiri, ukisimama kwenye kilima cha shule, uliiona mvua. Uliiona kabisa, imening'inia kama pazia la kijivu, inanyesha. Ilikuwa inanyesha ng'ambo. Siku baada ya siku ilifika mpaka mtoni, ikakaa upande ule, ikawanyeshea watu wa kule, ikaondoka.

Watu wa kwetu wakaanza kuchimba ming'oko porini. Ming'oko ni mizizi mitamu ukiila kwa hiari. Ukiila asubuhi na jioni kwa sababu hakuna kingine, inakuwa kama adhabu.

Nyinyi wa pwani hii mnajua lililofuata. Wenye chumvi wamesingiziwa tangu zamani, na bado wanasingiziwa hadi leo tukiwa na simu zinazotuambia hali ya hewa. Riziki ya mwenye chumvi ni jua. Mvua isiponyesha, yeye peke yake ndiye anayeshiba, basi ndiye anayeifunga. Hivyo ndivyo watu wanavyopiga hesabu. Na mwaka ule mwenye chumvi kijijini kwetu alikuwa mmoja, naye ni wa ng'ambo, na mvua ilikuwa inanyesha ng'ambo.

Ilianzia kisimani. Tulipofika, maongezi yalikatika, yakabaki makopo tu yanagongana. Mama akasalimia, wakaitikia. Tulipoinua ndoo kuondoka, sauti nyuma yetu ikasema, wala si kwa siri, "Mwacheni awahi kazini. Jua si lake?"

Jioni jirani yetu Biti Saidi alikuja. Alikuwa rafiki wa mama, mwanamke mfupi mwenye ulimi mwepesi, na shamba lake la mpunga lilikuwa limekauka kama mashamba ya wengine. Alikaa jikoni, akageuza geuza kijiti cha moto.

"Dada, wiki hii usishuke jangwani."

"Nisiposhuka watasema nimekwisha kuifunga, sasa napumzika."

"Na ukishuka?"

"Watasema naenda kukaza fundo."

Biti Saidi akacheka kidogo, kisha akaacha. "Basi ugonjwa gani huu usio na dawa," akasema.

Shuleni yalinifika kwa njia ya watoto. Walikuwa wamesikia wakubwa wakisema kwamba mvua hufungwa kwa fundo, na hawakuambiwa fundo liko wapi. Wakaanza kulitafuta kwangu. Kwanza walifungua fundo la mfuko wangu wa madaftari. Siku ya pili wakafungua kamba ya viatu. Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, wasichana wakanishika mikono, wakanikalisha chini, wakaanza kuzifungua nywele zangu, ambazo mama alikuwa amezisuka kwa uzi mweusi. Walizifungua moja moja, kwa uangalifu, kama wanatoa miba, na kila uzi ulipotoka walitazama juu. Hawakunipiga. Mmoja alikuwa rafiki yangu kabisa, naye aliniambia, "Vumilia Somoe, ni mvua tu." Nilirudi nyumbani nywele zimesimama kama mtu aliyeona jini.

Mama hakuuliza. Alikaa kwenye kiti kifupi, akanivuta katikati ya magoti yake, akachukua uzi, akaanza upya. Alikuwa na mkono mwepesi siku zote, lakini jioni ile alikaza mpaka macho yangu yakavutika. Nilijua nisimwambie kwamba ninaumia.

Kesho yake walikuja wanaume wawili, mwenyekiti wetu wa kitongoji na Mzee Nanguo. Walikaribishwa viti, wakakaa, wakasifu ua ulivyofagiwa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa maneno laini. Alisema watu wamechoka, na aliyechoka akili haimkai. Wanaamini chini ya rundo la udongo kuna kitu kimefukiwa. Kwa hiyo Ijumaa, baada ya swala, watashuka jangwani wachimbe, waone. Mwalimu Issa wa madrasa atakuja na msahafu, na mama ataapa mbele ya watu kwamba hakuizuia mvua.

"Ukiapa, yamekwisha," akasema. "Atakayekunyooshea kidole tena nitamkata mimi. Usipoapa, Mama Somoe, mimi sikufukuzi. Lakini vijana wanasema urudi kwenu, na mimi sina mikono ya kuwashika wote."

Mama alikuwa anachambua kisamvu. Hakuacha.

"Rundo chimbeni," akasema. "Kuapa sitaapa."

Walitazamana. Mzee Nanguo akainama mbele. "Kwani una dawa, mwanangu?"

"Sina dawa, baba."

"Basi kinachokuzuia nini?"

"Msahafu si wa kushikwa ovyo."

Wakaaga kwa adabu, wakaenda zao, na nilisikia adabu ile ikikwisha walipofika njiani.

Nataka mjue kwamba sikumwelewa kabisa. Nilikuwa naye kila mahali. Nilijua rundo lile tangu likiwa la ukubwa wa kichuguu cha fuko. Hapakuwa na kitu chini yake, hapakuwa na kibuyu, wala kitambaa cheusi, wala karatasi yenye jina la mtu. Kama ningepewa msahafu mimi ningeapa mara saba, na kurudia. Biti Saidi naye alimbembeleza siku mbili. Mwishowe akakasirika. "Wewe si mchawi, mimi najua, Mungu anajua. Neno moja tu unashindwa kulisema? Hicho ni kiburi, dada, na kiburi hicho kitakutoa humu na mtoto wako."

Mama akajibu kwamba si kiburi. Alipoulizwa ni nini, akasema hajui kukieleza.

Ijumaa asubuhi niliamka nikakuta vifurushi viwili karibu na mlango, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, vimefungwa kwa kanga. Cha kwangu kilikuwa na nguo zangu na sahani yangu ya bati, niliigusa kwa nje nikaitambua. Tungekwenda wapi? Ng'ambo mama hakuwa na mtu anayemjua. Alivuka akiwa mchanga.

Kisha nikaingia jikoni kuchukua chumvi ya uji. Nilipotia kidole kwenye kopo, kilitoka kimelowa. Chumvi yote ilikuwa imetoa jasho, imeshikana, na pembeni mwa kopo maji yalikuwa yamejikusanya.

Nilimkimbilia mama. "Mama, chumvi imelowa."

"Nimeona," akasema.

Wote waliotoka msikitini walishuka, na wasiokwenda msikitini walikuwa wamekwisha kufika. Sijawahi kuona watu wengi vile kwenye uwanda ule. Mwalimu Issa alikuwa ameufunga msahafu kwa kitambaa cheupe na kuukumbatia, akitembea kwa kuchagua mahali pa kukanyaga. Vijana walibeba majembe. Karibu na pipa kulikuwa na turubai ambapo mama alikuwa ameanika chumvi iliyokwisha chemshwa, nyeupe, ya viroba kadhaa, na wote walijifanya kama hawaioni.

Mama mwenyewe ndiye aliyetoa makuti juu ya rundo. Alitoa moja moja, akayapanga pembeni, akakaa chini, akaniketisha kando yake. "Haya," akasema.

Wakachimba. Udongo ulirushwa huku na huku, ule tulioukusanya kwa vipande vya bati kiangazi kizima. Kila jembe lilipogonga, watu walivuta pumzi. Walichimba mpaka chini, wakapita chini, maji yakaanza kuchimbuka shimoni. Ndipo kijana mmoja akapiga kelele, akainama, akainua kitu cheusi.

Kilikuwa kigae. Kipande cha chungu kilichovunjika msimu mmoja uliopita, nilikikumbuka kilivyovunjika, maana nilichapwa kwa sababu ya kuruka karibu nacho.

"Kilikuwa kimefukiwa kifudifudi," kijana akasema.

"Kigae nacho kina uso?" akauliza Biti Saidi.

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kikamkatikia kooni kwa sababu hakuna aliyemfuata. Kigae kikapita mkono kwa mkono. Wengine walikinusa. Wengine walikataa kukigusa. Mwalimu Issa akasema haoni kitu juu yake, ni udongo na masizi. Lakini nilitazama nyuso za vijana, nikaona kwamba walihitaji kuona dawa, basi wamekwisha kuiona.

Mwalimu Issa akafungua kitambaa cheupe. "Mama Somoe," akasema kwa upole, "umetawadha?"

"Nimetawadha."

"Basi weka mkono hapa, useme."

Mama akautazama msahafu. Aliutazama kwa muda, na mimi moyo wangu ulikuwa unasema naye, sema, sema mama, sema. Akatikisa kichwa.

"Siapi, Mwalimu. Mnisamehe."

Sauti iliyotoka kwa watu haikuwa kelele. Ilikuwa kama maji yanayoanza kuchemka. Kijana mmoja akasema, "Amekiri huyo." Mwingine akasema, "Avushwe leo leo." Mzee Nanguo akajitokeza mbele, nikaogopa atampiga. Hakumpiga. Alisema, "Mimi si mtu mbaya, Mama Somoe. Wajukuu wangu wanakula ming'oko asubuhi, wanakula ming'oko jioni. Yule mdogo ameanza kuikataa. Sasa nifanye nini?"

"Najua, baba," mama akasema. "Na huyu wangu anakula hiyo hiyo."

Wakati wanasema hayo, upepo wa baharini ulikatika. Nadhani mimi nilikuwa wa kwanza kuunusa ule mwingine, kwa sababu nilikuwa chini na sikuwa na la kusema. Matope, majani yaliyooza, kaa. Nikageuka. Lile pazia la kijivu, tulilolizoea kuliona ng'ambo, lilikuwa limevuka mto. Lilikuwa juu ya mikoko na linakuja.

Nikasahau watu. Nikaruka, nikashika kuti, nikaanza kuliburuta kuelekea kwenye udongo. Kila kitu tulichokuwa nacho kilikuwa pale wazi. Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Kaa."

"Mama, udongo. Na chumvi, mama."

"Kaa chini, Somoe."

Mkono wake ulikuwa wa moto. Nikakaa. Tone la kwanza likaanguka juu ya rundo, likaacha kitobo. La pili. Watu wakainua nyuso, hakuna aliyekimbia, walisimama midomo wazi kama vifaranga. Kisha ikanyesha. Haikunyesha kwa majaribio kama siku nyingine. Ilinyesha kama inayomalizia kitu. Mwalimu Issa akauingiza msahafu ndani ya kanzu, akawa wa kwanza kuondoka, kanzu ameipandisha hadi magotini, na Biti Saidi akimkimbilia nyuma ili amfunike kwa kanga yake.

Mimi na mama tulikaa tunaangalia. Udongo ulilegea, ukateleza, ukawa kama ugali uliozidi maji. Chumvi ya kwenye turubai ilipotea kwanza kingo, halafu katikati, mpaka turubai likawa ni dimbwi tu. Maji meupe yakapita kati ya mizizi ya mikoko, yakarudi yalikotoka. Watu wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Aliyebaki ni Mzee Nanguo. Alisimama kwa muda mvua ikimpiga upara, kisha akainama, akashika ncha moja ya turubai. Mama akainuka, akashika ya pili. Wakalimwaga dimbwi, wakalikunja.

"Kesho niko shambani," mzee akasema.

"Haya, baba," mama akajibu.

Hakuna aliyekuja kuomba radhi, na sitawadanganya kwamba alikuja. Wapo waliosema mchawi hawezi kuikaribisha mvua iangamize kazi yake mwenyewe. Wapo waliosema dawa ilikuwa kigae, kilipotolewa mvua ikafunguka. Maneno yote mawili yalienda pamoja miaka mingi. Lakini mvua ilikuwa imefika, kila mtu akashika jembe, hata wale vijana, na hasira haifanyi kazi vizuri mtu akiwa ameinama anapanda. Siku chache baadaye Mzee Nanguo alimtuma mjukuu wake atuletee miche ya mpunga na kutuonyesha kipande cha bonde tukipande. Vifurushi vyetu vilikaa karibu na mlango, vimefungwa hivyo hivyo, mpaka mpunga ulipotoa masuke. Asubuhi moja niliamka nikaikuta sahani yangu ya bati iko kwenye kichanja.

Mama hakuchemsha chumvi tena maisha yake yote. Pipa alilitoboa, likawa la kuotea moto. Mimi nilimaliza darasa la saba nikabaki nyumbani. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya chumvi, wengi walibaki. Kwa miaka mingi niliamini kwamba aliacha kwa hasira, na kwamba aliwanyima kiapo kwa hasira, na kwamba siku ile aliniketisha chini ili awaonyeshe. Nilimpenda kwa hilo. Nilidhani mama yangu ni mwanamke jasiri aliyewashinda.

Mwaka jana, alipokuwa hajiwezi tena, nilikuwa namwosha miguu, na chumvi ya jikoni ilikuwa imelowa. Nikataja tu. Halafu nikamuuliza, baada ya miaka yote ile, kwa nini hakuapa.

Aliweka mkono begani mwangu.

"Ningeapaje," akasema. "Mwaka mzima ule nilikuwa naomba. Kila alfajiri, baada ya swala. Nilisema, Mola wangu, leo tu, nimalize kuchuja. Ipitishe ng'ambo."

Nikaacha kuosha.

"Na ikapita ng'ambo," akasema. "Nikawa naiona inapita. Kila siku naiona."

"Lakini dua si uchawi, mama. Nani asiyeomba?"

"Waliniambia niape kwamba sikuizuia. Mimi sijui, Somoe. Mungu alinisikia au hakunisikia, mimi nitajuaje? Mtu haapi jambo asilolijua."

Nikamuuliza kuhusu ile Ijumaa, kwa nini hakunikubalia nifunike, na chumvi ilikuwa imemwambia tangu asubuhi. Akafumba jicho moja, kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye pipa.

"Siku ile sikuomba," akasema. "Nilitaka nisiingilie tena."

Basi ndivyo ilivyo. Mtoto ndani yangu alikuwa amehifadhi ushindi, kumbe mama alikuwa amebeba mashaka. Alikaa kwenye mvua ile akiangalia riziki yake inarudi baharini, na sidhani hata kidogo kwamba aliwaza juu ya wale watu.

Sasa mnajua kwa nini sikucheka na mtani. Asubuhi ya mazishi, harufu ya matope ilipoingia uani na wanaume wakaanza kutazama juu, nilijifunika kanga usoni, watu wakadhani nalia. Nilikuwa naomba. Nilisema, Mola wangu, leo tu, mpaka wamfukie. Ipitishe ng'ambo. Na nilipoifunua kanga, kupitia mwanya kati ya paa la jirani na mnazi, niliiona, pazia la kijivu limening'inia upande wa pili wa mto, linanyesha.

Marehemu kaifunga, mtani alisema. Kama Mwalimu Issa angekuwa hai, na angepita kwenye mikeka ile na msahafu wake ndani ya kitambaa cheupe akituuliza mmoja mmoja, nisingeweka mkono.